Shajara ya mradi: Sifa za vyuo, zisomwe hadi mwaloni

Januari

Kazi tuliyojipa ni kutengeneza kijitabu cha Kiswahili kitakachomweleza kijana wa Igombe au Kayenze, hapa Mwanza, mambo matatu: ni shahada zipi zinazomwandaa mtu kwa kazi ya vitendo, zinadai nini mlangoni, na zinadai nini ukishaingia. Tumezikusanya chini ya jina la taaluma tumizi: utabibu, uuguzi, maabara, famasia, ustawi wa jamii, uvuvi na ufugaji wa samaki, uhandisi, ununuzi na ugavi. Kuna vyuo vyenye shule kuu au ndaki nzima kwa fani za namna hii, na kuna vilivyozitawanya idara kwa idara. Kwa mwombaji haileti tofauti, kwa sababu wote wanapimwa kwa sifa za kujiunga.

Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, kitabu kimoja cha wenye kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada na sifa linganishi. Ni kazi kubwa na ndiyo msingi wetu. Shida ni kwamba ni majedwali juu ya majedwali, tena kwa Kiingereza, na mama anayesomesha kwa dagaa wa soko la Kirumba Mwaloni hana wa kumfafanulia. Binti yake hufafanuliwa na rafiki aliyepata chuo mwaka uliopita, na rafiki huyo anazijua sifa za programu yake mwenyewe tu.

Tuko walimu, muuguzi mstaafu na kijana mmoja wa kompyuta. Tumeazimwa chumba Igombe, kina meza mbili na ubao. Kanuni tumeiandika juu ya ubao: hakuna kinachoingia kijitabuni kwa "nimesikia". Kila mstari uwe na ukurasa wa TCU au wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, nyuma yake.

Februari, mwanzoni

Tumeorodhesha vyuo vilivyo karibu, kwa sababu wengi hudhani kusoma fani ya vitendo ni lazima upande basi la Dar es Salaam. Bugando kuna CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki, iliyoanza 2003, yenye udaktari, famasia, maabara, uuguzi na mionzi. Malimbe kuna SAUT, yaani Mtakatifu Augustino, chuo kikuu tangu 1998, chenye mizizi katika taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960. CBE (biashara), IFM (fedha) na TIA (uhasibu) zina kampasi hapa mjini, DIT (teknolojia) pia, na Chuo cha Mipango kina kituo chake cha Kanda ya Ziwa. FETA Nyegezi wanafundisha uvuvi. Butiama kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Chuo Kikuu Ardhi kimekuja Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda Sengerema si tena habari ya kukesha ukisubiri kivuko.

Kwa ustawi wa jamii tumeandika Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, inayofundisha fani hiyo tangu miaka ya 1970. Kwa ufugaji wa samaki katika ngazi ya shahada tumeandika SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Hili la mwisho linaniuma kidogo. Kijana amezaliwa mita chache kutoka majini, amesoma stashahada Nyegezi, vizimba vya sato vinaongezeka ziwani kila mwaka, na shahada yake anaifuata Morogoro. Sisemi SUA si mahali pazuri, ni pazuri sana. Nasema tu kwamba nauli na kodi ya chumba ni sehemu ya sifa za kujiunga, ingawa hakuna jedwali linaloziandika. Kijitabu chetu kitaziandika.

Februari, katikati

Leo tulikuwa na kidato cha sita kutoka shule ya jirani. Mada ilikuwa pointi. Karibu wote wanajua hesabu yenyewe: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Wanajua pia kiwango cha chini cha kuingia shahada ni prinsipali mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4. Kisichojulikana ni maneno yanayofuata baada ya hapo: pointi hizo zinatoka kwenye masomo mawili *yanayotajwa na programu unayoiomba*.

Niliandika ubaoni mfano wa mwanafunzi wa CBG mwenye B ya Jiografia, E ya Biolojia na S ya Kemia. Nikauliza ana pointi ngapi. "Tano na nusu, mwalimu." Sawa. Anaingia programu inayotaka Kemia na Biolojia? Darasa zima likasema ndiyo, amezidi nne. Hapana. Kemia yake ni S, na S si prinsipali. Kwa programu hiyo amebaki na prinsipali moja ya pointi 1, na ile B nzuri ya Jiografia haimsaidii kitu. Akihamia programu inayotaka Jiografia na Biolojia, hapo ana prinsipali mbili na pointi 5, karibu sana. Matokeo ni yaleyale, mwanafunzi ni yuleyule, kilichobadilika ni kitakachosomwa na chuo.

Binti mmoja wa nyuma akaomba turudie kwa tahasusi yake. Tukarudia tahasusi moja moja hadi mlinzi akaja kufunga geti. Ukurasa huu utakuwa wa kwanza kijitabuni, na kila mfano utakuwa na matokeo kamili kama yanavyotoka NECTA, Baraza la Mitihani, si nadharia.

Kwa afya tumeweka onyo la pekee: udaktari wa binadamu hautoshelezwi na mbili. Ni prinsipali tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, na jumla isipungue 6.

Machi

Hili la leo limebadilisha mpango wetu wote, kwa hiyo naliandika kwa kirefu.

Alikuja tabibu anayefanya kazi kwenye zahanati ya kisiwani. Amevuka na mtumbwi wa mashine alfajiri, bahasha ya vyeti ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Stashahada ya utabibu, miaka mitatu, wastani wa alama (GPA) 3.6. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa njia ya stashahada ni ufaulu wa masomo manne kidato cha nne na GPA isiyopungua 3.0. Amezidi pote. Amejiwekea akiba, bwana mkubwa wake amemruhusu, anataka kusoma udaktari.

Tulifungua mwongozo wa wenye stashahada, tukaenda kwenye udaktari, tukasoma mstari hadi mwisho. Baada ya GPA kuna sentensi ya nyongeza: mwombaji awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Akatoa cheti chake, akakiweka mezani, akanyoosha kidole mwenyewe. Hisabati: F.

Alipoomba stashahada hakuna aliyemzuia, na alifuata utaratibu. Stashahada ya utabibu inadai Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza ya kumfaa mwombaji, si sharti. Amesoma miaka mitatu, ametibu malaria, amezalisha usiku kwa mwanga wa simu, na mstari mmoja wa kidato cha nne umemsubiri muda wote huo bila yeye kuujua.

Alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwalimu, ndiyo basi?"

Si basi. Mtu anaweza kurudia somo moja la kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea wa NECTA. Anajisajili kwenye kituo, dirisha huwa miezi ya mwanzo wa mwaka, mtihani ni Novemba, na anapata cheti cha somo hilo. Tulimwonyesha kituo, akaenda siku hiyohiyo kabla ya boti ya kurudi.

Kisha tukakaa kuhesabu D inadai nini hasa. D inaanzia alama 30. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne imekuwa na sehemu mbili: A yenye maswali kumi ya alama 6 kila moja, B yenye maswali manne ya alama 10. Mtu akiyamudu vizuri maswali matano au sita ya sehemu A, amefika. Kwa hiyo hatumfundishi hisabati yote kwa mpigo. Tumechagua seti, uwiano na hesabu za biashara, takwimu, mfuatano wa namba, matriksi, na upangaji mstari kwa kuwa swali lake huwa na umbo linalojirudia. Tabibu anayepiga hesabu ya dozi kwa uzito wa mtoto kila siku tayari ana uwiano kichwani. Anachohitaji ni kuuandika kwa namna ambayo msahihishaji ataiona.

Nimemwambia mwenzangu wa Fizikia kwamba kijitabu kinachowalenga kidato cha sita peke yao kinafika wakati mlango mwingine ulishafungwa. Ufaulu wa Hisabati kidato cha nne umekuwa ukizunguka kwenye robo ya watahiniwa kwa miaka ya karibuni. Maana yake, kwa kila wanne wanaotoka shule zetu za kata, watatu wanabeba F ambayo haitawauma leo, itawauma baada ya miaka sita watakapotaka kupanda.

Aprili

Tumeandika ukurasa wa njia ya VETA. Huu watu hawaujui kabisa: aliyepungukiwa masomo manne ya kidato cha nne lakini ana cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu anaweza kwenda stashahada, na stashahada hiyo ikiwa na GPA ya 3.0 anatambulika kwa shahada. Fundi umeme, fundi wa injini za boti, huyu ana njia. Ni ndefu, lakini kila hatua yake ina mshahara.

Ngazi zenyewe za tuzo za ufundi (NTA) tumezichora wima: NTA 4 na 5 ni astashahada, 6 stashahada, 7 stashahada ya juu, 8 shahada. Basi.

Mei

Kidato cha sita wako kwenye mtihani, chumba kimya. Kijana mmoja aliyemaliza zamani kaja na swali la Marekani. Mjomba wake aliyeko huko kamwambia shahada kwenye shule za taaluma tumizi ni krediti 120, naye kaona vyuo vyetu wanadai 360, akahitimisha kwamba huko ni rahisi mara tatu.

Tulikokotoa pamoja. Hapa kwetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, pamoja na mihadhara, vitendo, kujisomea na mitihani. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani saa 3,600. Ya miaka minne ni 480. Marekani krediti moja ni kama saa moja ya darasa kwa wiki kwa muhula wa wiki 15 hivi, na saa mbili za kujisomea juu yake: saa 45 kwa krediti. Mara 120 ni saa 5,400, kwa miaka minne. Ulaya wanahesabu 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30. Namba hizi hazilinganishwi zikiwa uchi. Na saa nyingi za Wamarekani zinakwenda kwenye elimu ya jumla, uandishi, hisabati, sayansi ya jamii, kabla mtu hajazama kwenye fani, mambo ambayo sisi tunayamaliza kidato cha tano na sita.

Akauliza basi kipi bora. Kwa fani za afya na uhandisi nilimjibu bila kusita: ile ambayo bodi ya taaluma ya nchi utakayofanyia kazi itaitambua. Uliza bodi kabla ya kuuliza ada.

Julai

Matokeo yametoka, dirisha la udahili limefunguliwa, na kazi imehamia stesheneri.

Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, si kwa mfumo mmoja wa pamoja. Kila chuo kina mfumo wake wa mtandaoni, na vijana wengi wa huku hawana kompyuta, kwa hiyo wanalipa stesheneri wawajazie. Wengi wa hao vijana wa stesheneri ni waaminifu na wepesi. Lakini kuna tabia moja tunayopambana nayo: anayejaza anaweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili kazi iende haraka. Mwombaji akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwa simu au barua pepe. Namba ya siri inaingia kwenye simu ya mtu aliyeshahamia Geita.

Tumetengeneza kikaratasi cha kwenda nacho stesheneri. Juu kabisa: simu ni ya kwangu, barua pepe ni ya kwangu, nywila naiandika mimi. Chini yake, nini cha kushika mkononi. Kwa mwenye stashahada cha kwanza ni AVN, namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, ambayo bila hiyo ombi la shahada halisogei. Tunawasisitiza waiombe mapema, maana haiwezi kutoka kama chuo chao hakijawasilisha matokeo, na kufuatilia kunataka muda. Kwa anayeomba mkopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kabla na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo pia.

Mzee mmoja mvuvi alikuja na mjukuu wake, akasikiliza mwanzo hadi mwisho bila kukaa. Alipomaliza akauliza mkopo unalipa nini hasa, maana amesikia ni ada tu. Nikamweleza: Bodi ya Mikopo inaweza kugharamia chakula na malazi, vitabu, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti, kila mmoja kwa kiwango alichopangiwa. Fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, imekuwa 10,000 kwa siku. Akageukia mjukuu: "Umesikia? Hiyo ni ya kula, si ya simu." Kisha kwangu: "Wabheja, mwalimu." Wakaondoka na vikaratasi viwili, kimoja cha jirani.

Agosti

Sehemu ya tatu ya kijitabu, yanayodaiwa ukishaingia, ameiandika binti aliyemaliza mwaka huu, na ameiandika vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza. Anaeleza kosiweki (kazi za muhula) na mtihani wa mwisho zinavyogawana alama, mara nyingi 40 kwa 60. Anaeleza kwamba vyuo vingi vinaweka pasi ya kozi ya shahada kwenye 40, ilhali programu za afya zinaweza kudai 50, kwa hiyo mtu asilinganishe alama zake na za rafiki wa ugavi. Anaeleza sapu (mtihani wa marudio), kukeri kozi (kuibeba hadi mwaka unaofuata) na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) kwa mpangilio ambao mzazi ataufuata. Kuhusu madaraja: GPA ya 4.4 hadi 5.0 ni la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 pasi.

Aliongeza aya kuhusu mafunzo kwa vitendo nami nimeiacha kama ilivyo. Anasema kwenye taaluma tumizi hayo ndiyo yanayoangusha wengi, wala si kwa ugumu. Yanaanguka likizo, mtu anataka kurudi nyumbani kusaidia, anatafuta mahali pa karibu pasipo na msimamizi wa fani yake, kitabu cha kumbukumbu hakisainiwi, na kozi nzima inarudi sifuri. Ushauri wake: tafuta nafasi muhula wa kwanza, na siku ya kwanza muulize msimamizi ni nani atakayesaini.

Septemba

Tumeanza kidato cha pili. Ndiyo mabadiliko yaliyotokana na tabibu wa Machi. Wakimaliza upimaji wa Novemba wataingia kidato cha tatu na wengi watatakiwa kuamua kama wanaendelea na Fizikia na Kemia au wanaziacha. Uamuzi huo hufanywa kwa kufuata marafiki, au kwa sababu shule haina mwalimu wa Fizikia.

Tumebuni jedwali moja linalosomwa kutoka kulia kwenda kushoto: kulia kazi, kisha shahada, kisha stashahada au tahasusi, kushoto kabisa masomo ya kidato cha tatu. Mwanafunzi anaweka kidole kwenye "mfamasia" anarudi nyuma hadi anakuta Kemia, Biolojia, Fizikia, Hisabati, Kiingereza. Tuliwapa madaftari waandike wenyewe kazi mbili na njia zake. Msichana mmoja aliyekuwa ameshajiandikisha sanaa aliandika "muuguzi", akarudisha kidole hadi mwisho, akaenda kwa mwalimu wa taaluma palepale kuuliza kama muda wa kubadili bado upo. Upo.

Ugumu mkubwa umebaki palepale: shule isiyo na mwalimu wa Fizikia. Jedwali letu haliwezi kumleta. Tumekubaliana na shule mbili wanafunzi wao wahudhurie pamoja Jumamosi chumbani kwetu, na mwenzangu wa Fizikia amejitolea. Tumeomba pia kata itusaidie vitabu na taa.

Oktoba

Hali ya kazi kwa sasa. Kijitabu kimehakikiwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wazazi. Sehemu walizouliza mara mbili tumeziandika upya. Uchapaji wa kwanza umelipiwa na michango ya mwaloni na ya walimu. Toleo hili lina mwaka wa mwongozo wa TCU juu ya kila ukurasa, ili likipitwa na wakati lionekane.

Bado: ukurasa wa uhandisi haujakamilika, na wa ustawi wa jamii unahitaji mtu wa fani hiyo aupitie. Mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ulioletwa na mitaala mipya utahitaji jedwali lake mwenyewe. Tumepanga kulianza Januari tukiwa na walimu wanaoufundisha.

Tabibu anakuja kila anapopata zamu ya kupumzika. Kwenye jaribio la mwisho, karatasi kamili ya saa tatu, amepata 41, na matriksi amezimaliza zote. Mwezi ujao anakaa mtihani. AVN yake tumekubaliana aiombe Januari, asingoje Julai.